Mgogoro ni Mali ya Nani? Lugha ya Jinai na Haki katika Utafiti Linganishi wa Uhalifu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ambavyo dhana za jinai, kosa, dhuluma na haki zinavyotawala ulinganishi wa uhalifu baina ya nchi mbalimbali. Hoja ya msingi ni kwamba kabla mtafiti hajauliza ni nchi ipi yenye uhalifu mwingi zaidi, hana budi kuuliza mgogoro unaotokana na uhalifu huo unahesabiwa kuwa mali ya nani: ya dola, ya jamii, au ya yule aliyetendewa. Mifano imetolewa Norwe, New Zealand, Tanzania, Rwanda na Kenya. Mwishoni tunaonyesha kwamba kumrudishia aliyekosewa shauri lake ni jambo jema, lakini lina mipaka ambayo ikivukwa huzaa dhuluma nyingine.

1.0 Utangulizi

Elimu ya uhalifu ni taaluma inayochunguza vyanzo vya uhalifu, watu wanaoutenda na wanaoupata, pamoja na namna jamii inavyoukabili. Taaluma hii ilikulia Ulaya na Marekani, na kwa muda mrefu maswali yake yalitokana na hali za huko. Wataalamu walipoanza kulinganisha nchi na nchi, walikumbana na matatizo mawili makubwa ambayo hadi leo hayajamalizika.

Tatizo la kwanza ni la takwimu. Idadi ya makosa iliyomo katika vitabu vya polisi si idadi ya makosa yaliyotendeka. Ni idadi ya makosa yaliyoripotiwa na ambayo polisi walikubali kuyaandika. Mtu ambaye gari lake lina bima hulazimika kuripoti wizi ili alipwe. Mkulima aliyeibiwa mbuzi wawili, na ambaye kituo cha polisi kiko mwendo wa siku nzima kutoka kwake, huenda asiripoti kabisa. Kwa hiyo nchi ambayo wananchi wanaiamini polisi yao yaweza kuonekana kuwa na uhalifu mwingi kuliko nchi ambayo wananchi wamekata tamaa. Ili kuepukana na kasoro hiyo, mwaka 1989 ulianzishwa uchunguzi wa kimataifa uliowauliza watu wenyewe kama waliwahi kutendewa uhalifu, badala ya kutegemea rekodi za polisi. Mwanzoni ulihusisha nchi zenye viwanda. Katika awamu iliyoanza mwaka 1992 ulipanuliwa hadi miji kadhaa ya Afrika, ikiwemo Dar es Salaam na Kampala.

Tatizo la pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni la lugha. Swali lililotungwa kwa lugha moja na kufasiriwa kwa lugha nyingine linabeba mgawanyo wa dhana wa lugha ya kwanza. Anayeulizwa kama "ametendewa jinai" na anayeulizwa kama "amedhulumiwa" hawajaulizwa swali moja. Wataalamu wa uhalifu wameshughulikia mno tatizo la kwanza na kuliacha la pili mikononi mwa wafasiri. Tunaamini kwamba wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili wana mchango wa kutoa hapa.

2.0 Msamiati wa Kosa na Haki katika Kiswahili

Tuanze na neno jinai. Neno hili limetokana na Kiarabu. Katika vitabu vya fikihi, mlango wa jinai huhusu hasa mauaji na majeraha, yaani makosa yanayougusa mwili wa mtu. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika makosa hayo dai lilikuwa la aliyejeruhiwa au la warithi wa aliyeuawa. Wao ndio waliokuwa na hiari ya kutaka kisasi, kupokea dia, au kusamehe. Katika Kiswahili cha kisheria cha leo maana hiyo imegeuka. Jinai ni kosa ambalo mwenye kushitaki ni Jamhuri, nalo hutofautishwa na madai, ambamo mtu binafsi humshitaki mwenzake. Neno lililotaja mgogoro wa watu limekuwa neno la kutaja mgogoro uliochukuliwa na dola.

Neno kosa lina historia tofauti, na mnyambuliko wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Kitenzi kosa chenyewe kina maana ya kutopata au kutolenga, kama katika "alimkosa nyati kwa mshale." Kauli ya kutendea humleta mtu katika nafasi ya yambwa: kumkosea mtu. Kauli ya kutendewa humfanya mtu huyo kuwa kiima: amekosewa. Kauli ya kutendana huleta dhana ambayo sheria ya jinai haina nafasi nayo kabisa: wamekosana. Anayesema kwamba majirani fulani wamekosana hajaamua ni nani mwenye hatia. Anasema kwamba uhusiano umevunjika, na kwamba kuna kazi ya kuwapatanisha. Mfumo wa mashitaka, kwa upande wake, unahitaji kiima kimoja na kitendo kimoja kilichokatazwa na kifungu fulani cha sheria.

Tofauti kama hiyo inajitokeza tukilinganisha "kuvunja sheria" na "kudhulumu". Yambwa ya usemi wa kwanza ni sheria, na ya kitenzi cha pili ni mtu. Mwizi wa ng'ombe, kwa usemi wa kwanza, amevunja kifungu cha kanuni ya adhabu. Kwa usemi wa pili, amemdhulumu mwenye zizi. Tendo ni moja, lakini kila usemi unamtaja mwenye malalamiko tofauti.

Neno la tatu ni shauri. Hili lina maana ya ushauri au maoni, na pia lina maana ya kesi. Wakati wa utawala wa Wajerumani neno hili liliingia katika lugha ya maofisa wao kuwa jina la baraza la kusikilizia kesi na malalamiko. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "shauri yako," tukiwa na maana kwamba jambo hilo ni lako na matokeo yake ni juu yako. Hivyo ndani ya neno moja mna mashauriano, mna mgogoro, na mna umiliki. Neno kesi, lililokuja na Kiingereza, halina maana hizo za ziada. Mtu hupelekwa kwenye kesi, ila shauri hukaliwa na watu.

Mwisho ni neno haki. Lugha kadhaa za Ulaya zina neno moja kwa stahili ya mtu na neno jingine kwa uadilifu wa maamuzi. Kiswahili hutumia neno haki kwa yote mawili. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa upungufu wa istilahi. Sisi tunaona lina faida yake, kwa sababu anayesema "haki imetendeka" hulazimika kuulizwa: haki ya nani? Ya aliyeibiwa, ambaye hajarudishiwa kitu, au ya mtuhumiwa, ambaye amekaa rumande bila kusikilizwa? Swali hilo ndilo litakalotuongoza katika sehemu zinazofuata.

3.0 Kutoka Arusha hadi Norwe: Nadharia ya Nils Christie

Mwaka 1977 mtaalamu wa uhalifu kutoka Norwe, Nils Christie, alichapisha makala ambayo imekuwa miongoni mwa maandishi yanayotajwa sana katika taaluma hii. Makala hiyo, iliyotokana na mhadhara aliotoa Sheffield, Uingereza, mwaka 1976, inaanzia Tanzania. Christie anasimulia baraza aliloliona katika kijiji kidogo cha mkoani Arusha. Watu walijaa ndani ya nyumba. Shauri lilihusu uchumba uliovunjika na swali la nini kirudishwe na kwa nani. Wahusika wawili walikuwa katikati ya chumba, wamezungukwa na ndugu na marafiki, na wanakijiji wengine walishiriki kwa maswali na mizaha. Mahakimu watatu walikuwapo, lakini hawakusema mengi. Wajuzi wa mambo ya kijiji walikuwa wanakijiji wenyewe.

Kutokana na mfano huo Christie alijenga hoja yake. Mgogoro, alisema, ni mali yenye thamani. Watu wanapokuwa na mgogoro wanapata nafasi ya kujadili kanuni zao, kupima uzito wa madhara, na kujuana. Katika mahakama za nchi zenye viwanda mali hiyo imechukuliwa kutoka kwa wenyewe. Dola imechukua nafasi ya aliyekosewa, na wanasheria wamechukua nafasi ya wahusika wote wawili. Aliyekosewa hupoteza mara mbili: kwanza kwa tendo la mkosaji, kisha kwa kunyimwa nafasi ya kushiriki katika shauri lake.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda Norwe kuuona ukweli wa maelezo haya. Katika shauri la jinai, mtu aliyevunjiwa nyumba hugeuka kuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashitaka. Huitwa, huulizwa maswali, huambiwa ajibu ndiyo au siyo, kisha huruhusiwa kuondoka. Akitaka kumwuliza mshitakiwa "Kwa nini mimi?", hapewi nafasi. Hukumu inapotolewa, faini huingia katika hazina ya serikali. Mahakama inaweza kuamuru fidia, lakini aliyekosewa hawi mwenye kuendesha shauri.

Christie hakupendekeza kwamba mahakama zivunjwe. Alipendekeza utaratibu wa hatua nne. Kwanza ithibitishwe kama sheria imevunjwa, na kama kweli mtu aliyeletwa ndiye aliyeivunja. Pili ichunguzwe hali ya aliyekosewa na yale yanayoweza kufanywa na mkosaji, jamii na dola ili kumsaidia. Tatu ndipo ijadiliwe adhabu, kama bado inahitajika. Nne yaangaliwe mahitaji ya mkosaji mwenyewe. Utaratibu wa kuanza na uthibitisho ni muhimu sana kwa hoja yetu, na tutaurudia. Mwaka 1991 Norwe ilitunga sheria ya mabaraza ya usuluhishi, ambamo wananchi wa kawaida wanapewa kazi ya kuwapatanisha wahusika wa makosa, hasa yale madogo na yale ya vijana.

4.0 Aibu, Haya na Fedheha: Mfano wa New Zealand

Mwaka 1989 bunge la New Zealand lilipitisha sheria kuhusu watoto, vijana na familia zao. Chimbuko lake lilikuwa malalamiko ya Wamaori kwamba watoto wao walikuwa wakiondolewa katika koo zao na kupelekwa katika taasisi za serikali. Sheria hiyo iliweka kikao cha familia. Kijana aliyekosa hukutana na yule aliyemkosea, na pande zote mbili huja na jamaa zao. Polisi na ofisa wa ustawi wa jamii wanakuwapo. Makubaliano hufikiwa juu ya fidia, kazi ya kufanya, au hatua nyingine. Mashauri mengi ya vijana huishia hapo bila kutolewa hukumu ya adhabu.

Mwaka huo huo wa 1989 mtaalamu wa Australia, John Braithwaite, alitoa kitabu kilichoeleza nadharia inayofanana na utaratibu huo. Kwa mujibu wake, jamii zenye uhalifu mdogo ni zile zinazoweza kumtia mtu aibu kwa kitendo chake na kisha kumpokea tena. Kinyume chake ni aibu ya kumtenga, inayombandika mtu jina la mhalifu na kumsukuma kwa wahalifu wenzake.

Braithwaite alilazimika kutumia neno moja la aibu na kuliongezea vivumishi. Kiswahili kina maneno matatu yanayoweza kutusaidia kupambanua zaidi. Haya ni hisia ya ndani inayomzuia mtu asitende, na mtu asiyekuwa nayo huitwa "hana haya". Aibu humpata mtu baada ya tendo, naye huiona mbele ya wale anaowaheshimu. Fedheha huletwa na watu wengine kwa kumwanika mtu hadharani, na lengo lake huwa ni kumshusha hadhi. Tukitumia istilahi hizi, nadharia ya Braithwaite yaweza kuelezwa hivi: baraza jema ni lile linaloamsha aibu ili kujenga haya, na baraza baya ni lile linaloishia katika fedheha. Uainishaji huu unahitaji kuthibitishwa kwa utafiti wa uwandani, kwa maana matumizi ya maneno haya hutofautiana kwa lahaja na kwa rika. Hata hivyo, tunaona kwamba unaonyesha njia ambayo istilahi za Kiswahili zinaweza kuiongezea nadharia kitu ambacho haikuwa nacho.

5.0 Sungusungu: Jamii Inapojitwalia Shauri

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi, yaani mikoa ya Shinyanga, Tabora na Mwanza, vilizuka vikundi vya wanakijiji vilivyoitwa sungusungu. Sababu zake zinajulikana. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, silaha za moto zilikuwa zimeingia mikononi mwa majambazi. Polisi walikuwa wachache na wengine walituhumiwa kula rushwa.

Kuna sababu nyingine ambayo haipaswi kusahauliwa. Mwaka 1976 vyombo vya dola vilifanya msako mkubwa Mwanza na Shinyanga kutokana na mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi. Baadhi ya waliokamatwa walifia mikononi mwa vyombo hivyo. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kutokana na mambo hayo. Kwa hiyo wananchi wa maeneo hayo walikuwa wameonja ubovu wa aina mbili: dola isiyoonekana palipokuwa na majambazi, na dola iliyotesa pale ilipoonekana.

Sungusungu walijipanga kwa mtindo uliofanana na ule wa vyama vya ngoma na ushirikiano wa kijiji. Walikuwa na kiongozi aliyeitwa mtemi, walitumia pinde na mishale, na kelele ya hatari ilipopigwa kila mwanamume alitakiwa kutoka. Adhabu zao zilikuwa faini, mara nyingi ya mifugo, na kutengwa. Aliyetengwa hakusalimiwa, hakupewa moto wala maji, na hakuna aliyekwenda msibani kwake. Kwa jamii ya wafugaji na wakulima wanaotegemeana, adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko kifungo. Lakini mtu aliyekubali kosa lake na kulipa aliweza kupokewa tena. Kwa kigezo cha Braithwaite, basi, sungusungu walikuwa na sura zote mbili za aibu.

Serikali na chama tawala viliwaunga mkono, ingawa mahakama ziliwafungulia baadhi yao mashitaka ya mauaji na ya kuwafungia watu isivyo halali. Mwaka 1989 Sheria Na. 9 ilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa uwezo wa kukamata watu. Watafiti kama Ray Abrahams na Sufian Bukurura wameandika kwa kina juu ya vikundi hivi. Swali ambalo maandishi yao yanatuachia ni hili: je, shauri lilirudi kwa aliyekosewa, au lilitoka mikononi mwa polisi likaingia mikononi mwa wakubwa wa kijiji? Jibu linategemea aliyekosewa alikuwa nani. Mwenye ng'ombe mia alisikilizwa. Kikongwe aliyesingiziwa uchawi alikuwa katika hatari, kwani awali sungusungu waliwasaka wachawi pamoja na wezi. Wanawake kwa jumla hawakuwa na sauti sawa na wanaume katika mikutano hiyo.

6.0 Gacaca na Mahakama ya Arusha

Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Mashauri yaliyotokana nayo yalifuata njia mbili kuu ambazo ni funzo kubwa kwa ulinganishi wetu.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kimataifa. Azimio Na. 955 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Novemba 8, 1994, liliunda mahakama maalumu ambayo makao yake yaliwekwa Arusha, mkoa ule ule ambao Christie aliuchukulia mfano wa baraza lililo mali ya wanakijiji. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015, ilikuwa imewashitaki watu 93. Ilitoa hukumu zenye uzito mkubwa katika sheria ya kimataifa, ikiwemo ile ya mwaka 1998 iliyotambua kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Lakini mjane wa kijijini Rwanda aliisikia kwa redio, kama aliisikia.

Njia ya pili ilikuwa gacaca. Jina hili latokana na neno la Kinyarwanda lenye maana ya majani mafupi, mahali ambapo wazee walikuwa wakikaa kuamua migogoro. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza ya Rwanda yalikuwa na mahabusu zaidi ya 100,000, na mahakama za kawaida zingehitaji miongo mingi kuwasikiliza. Sheria ya gacaca ilitungwa, na kazi ikazinduliwa Juni 2002. Waamuzi walichaguliwa na wananchi, nao hawakuwa wanasheria. Aliyekiri, akaeleza jinsi alivyotenda na mahali miili ilipo, na kuomba msamaha, alipunguziwa adhabu, na sehemu ya kifungo iliweza kugeuzwa kuwa kazi za jamii. Mpaka zilipofungwa Juni 2012, mahakama hizo zipatazo 12,000 zilikuwa zimeamua mashauri yapatayo milioni 1.9.

Tathmini ya gacaca imewagawa wataalamu. Wanaoiunga mkono husema kwamba watu wengi walijua kwa mara ya kwanza jamaa zao walizikwa wapi, na kwamba hakuna mahakama nyingine ambayo ingeweza kuwapa ujuzi huo. Wanaoikosoa hutaja mambo matatu. Kwanza, mshitakiwa hakuwa na wakili, ingawa alikabiliwa na kifungo kirefu. Pili, kuhudhuria kulikuwa kwa lazima, na baadhi ya mashahidi waliuawa au kutishwa. Tatu, makosa yaliyodaiwa kutendwa na askari wa upande ulioshinda vita hayakusikilizwa humo. Jambo hili la tatu linarudisha swali la neno haki. Palikuwa na watu waliofiwa ambao hawakuwa na baraza la kukaa, na kwao gacaca haikuwa mali ya jamii nzima. Gacaca ya zamani iliamua migogoro ya mifugo na mipaka. Ile ya 2002 ilikuwa chombo cha dola kilichovaa jina la mila.

7.0 Mipaka ya Hoja

Mifano tuliyoieleza inatulazimisha kuiwekea mipaka nadharia ya umiliki wa mgogoro. Baraza alilolisifu Christie lilihusu uchumba. Pande mbili zilikuwa karibu sawa kwa nguvu, wote walijulikana, na hakuna aliyekuwa katika hatari ya kupoteza maisha au uhuru wake. Masharti hayo yakikosekana, baraza laweza kuwa mtego.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi umo katika lugha ya magazeti yetu. Kwa miaka mingi wasomaji wamezoea habari kwamba mtu anayedhaniwa kuwa kibaka "aliuawa na wananchi wenye hasira kali." Usemi huu unastahili uchambuzi. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Mtenda ni nomino ya jumla isiyo na jina wala idadi. Sifa ya "hasira kali" inatoa sababu na udhuru kwa pamoja. Neno wananchi, ambalo katika siasa yetu ni neno la heshima, linawapa wauaji uhalali wa kuwa wawakilishi wa umma. Marehemu mwenyewe hutajwa kwa tuhuma yake, ambayo haijathibitishwa na haitathibitishwa. Katika sentensi moja, mauaji yamekoma kuwa jinai yakawa tukio. Hapa hatua ya kwanza ya Christie, ya kuthibitisha kwamba aliyeletwa ndiye aliyetenda, imerukwa.

Mfano wa pili unatoka Kenya. Ibara ya 159 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka mahakama kuendeleza njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwemo za jadi, ili mradi hazikiuki haki za msingi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliruhusu shitaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa kulipana ngamia, mbuzi na vitu vingine kwa desturi yao. Uamuzi huo ulizua mjadala mkubwa. Waliouunga mkono walisema kwamba familia iliyofiwa ilipata ilichokitaka na amani ilirudi. Waliopinga waliuliza ni nani aliyezungumza kwa niaba ya marehemu, na kama maskini asiye na ngamia atapata nafuu hiyo hiyo. Tukiurejea mlango wa jinai katika fikihi, tunaona kwamba mahakama ile ilikuwa imekutana tena na maana ya kale ya neno lenyewe, ambamo dai ni la warithi. Maana mbili za neno moja zilikutana katika chumba kimoja, na kila upande uliamini kwamba unatetea haki.

8.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba ulinganishi wa uhalifu hauwezi kuishia katika kuhesabu makosa. Hapana budi uchunguze umiliki wa mgogoro, na umiliki huo umefichika katika msamiati na sarufi ya lugha ambamo mgogoro unasemwa. Kutokana na mifano yetu tunapendekeza masharti matatu ambayo kwayo chombo chochote cha haki, kiwe cha dola au cha kijiji, chaweza kupimwa. Kwanza, je, aliyekosewa anasema kwa kinywa chake, hata akiwa mnyonge? Pili, je, mtuhumiwa analindwa mpaka kosa lithibitike? Tatu, je, mkosaji ana njia ya kurudi katika jamii? Mahakama zetu za kawaida zimejitahidi katika sharti la pili na kulisahau la kwanza. Sungusungu na gacaca zilijitahidi katika la kwanza na la tatu, zikateleza katika la pili. Umati wenye hasira hautimizi hata moja.

Suala hili lina umuhimu wa pekee kwa watafiti wa Kiswahili wakati huu. Nchini Tanzania mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili kwa miongo mingi, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliweka utaratibu wa hakimu kuketi na wazee wa baraza. Rekodi za mashauri hayo ni hazina kubwa ambayo wanaisimu hawajaitumia vya kutosha. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Kazi ya kufasiri sheria inahitaji uteuzi wa istilahi kwa wingi na kwa haraka. Katika haraka hiyo upo uwezekano wa kila istilahi ya Kiingereza kutafutiwa neno moja la Kiswahili na kuachwa hapo, pasipo mtu kuuliza neno lililochaguliwa linampa nani shauri.

Chukua istilahi ya mtu aliyetendewa uhalifu. Yapo angalau maneno manne yanayoshindana: mwathirika, mwathiriwa, mhanga na aliyekosewa. Mwathirika ni mtu aliyepatwa na athari, sawa na aliyepatwa na mafuriko au ugonjwa, na neno halimtaji mtenda. Mwathiriwa lina kauli ya kutendewa, hivyo linaashiria kwamba yupo aliyetenda. Mhanga linaleta picha ya kafara, yaani mtu ambaye mambo yake yamekwisha. Aliyekosewa ni refu, na huenda halitapendwa na waandishi wa sheria, lakini ndilo pekee linalobaki na deni ndani yake: aliyekosewa anadai. Tunapendekeza kwamba wanaoteua istilahi hizi wakae pamoja na mahakimu wa mahakama za mwanzo na wazee wa baraza, na wasikilize kwanza ni neno gani watu hutumia wanaposimama kueleza yaliyowapata.